Dirisha la Jikoni

Chenga za mkate zinapopata rangi kwenye mafuta, harufu yake hunifanya nitazame mlango mpaka leo.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, bibi wa Kitaliani, ndiye aliyemfundisha mama pasta za kukaanga. Mama alizijaza nyama ya kusaga kama sambusa, akazichovya kwenye yai, akazigaragaza kwenye chenga za mkate. Kisha akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa kanga. Ndivyo tulivyokaanga Unguja baada ya Mapinduzi: unga ulikuwa wa foleni, na harufu ingeweza kumtia mtu ndani kwa magendo. Sasa tulikuwa Kilburn, kwa Waingereza.

Mlango ukagongwa. Mama akazima jiko, akanisukuma chini ya meza.

"Wakikuuliza, hatujapika kitu," alininong'oneza.

Nilikuwa na pasta ya moto mdomoni. Niliogopa kuitafuna, nikaogopa na kuitema.

Kumbe alikuwa yule bibi, kaja kuuliza kama zimetoka vizuri.

"Hatujapika," mama akamjibu kwa Kiingereza chake kidogo, moshi umemzunguka kichwa.

Jana nilikuwa nakaanga, binti yangu akaingia jikoni akikohoa, akaniuliza kwa Kiingereza mbona nimefunga dirisha.

Sikujua kama nimelifunga.