Asahel Trumbo na Miti Minne ya Mjane

Ukiupandisha Mto Muskingum, kule Ohio, siku hizi utaona mitufaha kila kona, mingine imezeeka na kuinama kama ajuza anayetafuta sindano iliyodondoka. Ukiuliza nani aliipanda utaambiwa Asahel Trumbo, hata ile ambayo Asahel hakuigusa. Ndivyo watu walivyo. Wakimpata mwema mmoja humtwika na wema wa wenzake. Nilikutana naye njiani mara nyingi, kwa hiyo nitasema yale ninayoyajua, na mengine nitawaachia wanaopenda kuongeza chumvi.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya polepole. Kila vuli alivuka milima kwenda mashariki, kwenye mitambo ya kukamulia mvinyo wa tufaha, akaomba makapi yanayotupwa. Aliyaosha kijitoni hadi zikabaki mbegu tupu, akazianika, akazitia katika mifuko ya ngozi na kumpakiza farasi jike wake aliyekuwa kipofu wa jicho moja. Yeye mwenyewe alitembea kando, peku. Alikuwa akitafuta mahali penye udongo mzuri karibu na maji, mbele kabisa ya walowezi, anafyeka, anazungushia matawi ya miiba, anapanda, anaondoka. Walowezi walipofika na mashoka yao na masufuria yao, walikuta miche imefika magotini.

Kwa miche hiyo alipokea chochote: shati kuukuu, kibaba cha unga wa mahindi, au ahsante. Ila alikuwa na sharti moja. Mtu aweke kiganja juu ya mche na kusema, "Kisu hakitaugusa." Asahel aliamini kwamba kuukata mti na kuuchomekea kijiti cha mti mwingine ni kuuumiza, na tufaha tamu lililopatikana kwa njia hiyo hakulitia kinywani. Ya kwake yalikuwa makali hadi nguruwe akayala amekunja uso. Lakini watu wa bondeni walitaka mvinyo na siki, na kwa hayo ukali si neno.

Tena walihitaji miti ili wapate ardhi. Kampuni iliyogawa mashamba upande ule ilitoa ekari mia kwa mtu atakayekubali kukaa mpakani, kwa masharti: ndani ya miaka mitatu awe na nyumba, na awe na mitufaha hamsini iliyo hai. Mwenye kupanda mti, walisema, hakimbii. Anayepungukiwa hata na mmoja anafungasha.

Keziah Lathrop alikuja na mumewe Obed, na mama yake Obed, Bibi Thankful. Mwaka wa pili Obed aliangukiwa na mti alipokuwa akifyeka, akafa kabla ya jua kuzama. Watu walidhani wale wanawake wawili watarudi kwao Connecticut. Hawakurudi. Keziah alichukua kwa Asahel mitufaha hamsini na miwili, akaweka kiganja, akasema yale maneno, akapanda.

Msimu wa baridi wa mwisho kabla ya ukaguzi, theluji ilikuja mapema. Keziah alikuwa ametoka pwani ya Connecticut, ambako hakuna theluji ya namna ile, akaona miti itaganda. Akaifunga miguuni kwa mabua ya mahindi, mti kwa mti, kama mtu avishaye watoto soksi. Theluji ikafunika. Mwezi wa tatu ilipoyeyuka, akafungua mabua akakuta viota vya panya, na miti kumi na saba imetafunwa gome pande zote.

Bibi Thankful alitoka akatazama, mikono kiunoni.

"Umewatandikia kitanda, chakula umewawekea," alisema. "Bado kuwaimbia tu."

"Mama, nyamaza."

"Nimenyamaza. Hata panya wamenyamaza, wameshiba."

Jirani yao, Jabez Coyle, alikuja kuona. Huyu alikuwa mtu wa mashauri ya bure.

"Funika vidonda kwa tope basi," alisema. "Mti uliotafunwa hivi hutoa majani kama mwenzake, unakufa kiangazi. Dunning akija mwezi wa tano ataona kijani kitupu."

Dunning ndiye aliyekuwa mkaguzi wa kampuni.

"Dunning anapiga magoti, Jabez. Anakwaruza kila shina."

"Mzee yule? Atapiga magoti kwa miti miwili, mitatu, kiuno kimkate."

"Kwa akina Fenner alipiga magoti mara hamsini. Akina Fenner wako wapi leo?"

Jabez akatazama kofia yake. Akina Fenner walikuwa wamehama.

Dawa ilikuwapo, na Keziah aliijua. Baba yake kule Connecticut alikuwa bingwa wa kuunganisha miti. Unakata vijiti vya mwaka jana kabla havijachipua, unavitunza mahali pa baridi, na gome linapoanza kulegea unachomeka ncha moja chini ya kidonda na ya pili juu yake, kama daraja, kisha unakandika udongo uliochanganywa na samadi na nywele za ng'ombe. Utomvu unapita darajani, mti unaishi. Vijiti alikwisha kuvikata kutoka kwenye mtufaha pori uliokuwa kando ya kijito, akavifukia katika theluji iliyobaki kivulini. Lakini vilikaa pale siku baada ya siku.

"Kisu unacho, mikono unayo," alisema Bibi Thankful. "Unangoja nini, malaika?"

"Nilitoa neno."

"Neno kwa mtu asiye na viatu!"

"Ndiye aliyenipa miti, mama. Wenye viatu walinipa pole tu."

Asahel alipita mwanzoni mwa mwezi wa nne. Alizunguka shamba akiinama kwa kila mti uliotafunwa na kuushika pale juu ya kidonda. Kisha akaja kukaa kwenye gogo nje ya nyumba. Ndani hakupenda kukaa.

"Ndugu Asahel," alisema Keziah, "naomba unifungue ile ahadi."

"Sifungui."

"Nitanyang'anywa shamba. Obed amezikwa pale mlimani."

"Nimesikia, dada."

"Basi?"

"Nina kitalu huko chini, mwendo wa siku mbili. Wamebaki kama ishirini. Nitakuletea kumi na tano, utakuwa umetimiza. Hakuna atakayekatwa." Miche aliitaja hivyo, kama watu.

Alisimama akaenda, na mkate wa mahindi aliotengewa ukabaki kwenye gogo. Mtu mwingine angengoja kesho. Mvua ilinyesha siku zote nne, mito ikafura, na Asahel alirudi siku ya tano akimvuta farasi, miguu yake imechanika, miche imefungwa kwa majani mabichi. Ilikuwa kumi na mmoja. Kulungu walikuwa wameruka uzio.

Walipanda pamoja asubuhi ile ile. Thelathini na mitano mizima, kumi na mmoja mipya. Hesabu hiyo hata Bibi Thankful aliifanya kwa vidole.

"Minne," alisema. "Baba wa miti, umesikia? Minne. Au nikusimamie mimi mwenyewe shambani nivae majani?"

Asahel hakucheka. Alikwenda hadi mwisho wa shamba, akarudi, akaenda tena. Keziah hakumfuata wala hakumsihi. Aliosha jembe. Hatimaye yule mzee akaja akasimama mbele yake, macho ameyaelekeza mtoni.

"Kata minne," alisema. "Lakini nisione."

Akamchukua farasi wake, akashuka mtoni na kukaa huko hadi jioni.

Keziah alifukua vijiti, akanoa kisu cha Obed. Bibi Thankful alikoroga udongo na samadi, akinung'unika kwamba hakuzaliwa Connecticut ili aje akande kinyesi Ohio. Ilipofika alasiri miti minne ilikuwa na madaraja yake na bandeji zake.

"Endelea," alisema Bibi Thankful. "Vijiti viko tele. Mmoja ukifa je? Huna wa akiba."

"Ameruhusu minne."

"Yuko mtoni, hakuoni!"

"Ndiyo maana."

Kumi na mitatu ikaachwa.

Dunning alikuja wiki ya tatu ya mwezi wa tano, mtu mfupi mwenye daftari na suruali iliyochakaa magotini. Miti yote ilikuwa na majani, mizima kwa mifu, na Jabez Coyle, aliyekuja kutazama kama mtu ajaye harusini, alimkonyeza Keziah. Dunning akapiga magoti. Alikwaruza kila shina kwa ukucha, na kila alipokuta gome limeliwa alisema "huu hapana" na kusogea. Alipofika arobaini na sita alikuwa anavuja jasho. Akaikuta ile minne.

"Hii ni nini? Imevunjika mifupa?"

"Imeunganishwa, bwana," alisema Keziah. "Panya waliila."

Dunning akagusa udongo mkavu. Yeye alikuwa mtu wa ngano, hakuwa mtu wa miti. Akainua kichwa, akamwona Asahel amesimama kando na farasi wake, maana alikuwa amerudi siku ile kusikia mwisho wa mambo.

"Trumbo, bonde zima linaapa kwa jina lako. Miti hii minne ni mizima au ni mifu?"

Keziah alishika aproni yake kwa mikono miwili. Bonde zima lilijua Asahel anavyousema mti uliokatwa kwa kisu, kwamba umeumizwa.

Asahel alisogea. Alipiga magoti, jambo ambalo hakuna aliyetarajia, akaweka sikio karibu na shina la kwanza kama mtu asikilizaye mlango, kisha akatazama vichipukizi vilivyokuwa juu ya kidonda. Alifanya hivyo kwa yote minne, bila haraka. Dunning alijifuta shingo.

"Mizima," alisema Asahel. "Mimi nisingeifanya hivi. Lakini ni mizima."

Dunning akaandika hamsini, akatia sahihi goti likiwa bado chini.

Walipoondoka wengine, Asahel alisimama mbele ya ile kumi na mitatu yenye majani mabichi ya kudanganya.

"Hii uliiacha," alisema.

"Uliniruhusu minne."

Alipitisha kidole kwenye gome lililoliwa.

"Ikate basi. Nitakushikia udongo."

"Wakati umepita, ndugu. Vijiti vimekwishachipua. Haitashika tena."

Aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Kufikia mwezi wa saba majani ya ile kumi na mitatu yalikuwa kahawia, na Keziah akaikata kuni za kukaushia nyama ya nguruwe.

Vuli ile Asahel hakwenda kwanza mashariki. Alikuja kwa Keziah na miche kumi na mitatu, akang'oa visiki vyote kwa mikono yake, akapanda kwenye mashimo yale yale. Keziah alipotaka kuweka kiganja juu ya mche wa kwanza, Asahel aliuondoa mkono wake taratibu, akampa ndoo ya maji.