Figa Letu Juu ya Kilima

"Hilo figa lirudishe jikoni, Hoyo. Lori halimngojei mtu," baba alimwambia mama yake.

"Linakwenda Garissa, halikimbilii peponi," alijibu bibi yangu, niliyemwita Ayeyo, huku akinifunga jiwe mgongoni kwa shuka.

"Na chai tuchemshie juu ya mawe mawili?"

"Kunywa maziwa."

Nilikuwa bado mtoto, miaka kumi na moja, pale Buna, kaskazini mwa Kenya, wakati wa vita vya waasi walioitwa shifta. Nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya bweni Garissa. Malori yalisafiri kwa msafara tu, askari mbele na nyuma, na hakuna aliyejua msafara mwingine ungekuja lini. Lakini kwa Ayeyo, msafiri hakuondoka kabla ya kupeleka figa la jiko lao juu ya kilima kilicho nyuma ya nyumba zetu. Asipopeleka, harudi. Baba yangu mdogo alicheka, akaondoka bila kupeleka jiwe vita vilipoanza. Hatujamwona tena.

Kilima chenyewe si kitu. Ni miamba yenye ncha, kimya tupu, na mtu mwenye magoti mazima hufika juu upesi. Ayeyo hakuwa na magoti hayo. Kila baada ya hatua chache aliketi.

"Ayeyo, niache nipande peke yangu."

"Utaliweka vibaya."

Kileleni palikuwa na rundo la mafiga yenye masizi. Niliweka letu. Akalitoa, akaligeuza upande wa masizi utazame nyumbani. Kisha akaanza kuwataja waliowahi kurudi, mmoja mmoja, pamoja na ngamia wao. Alikuwa amefika kwa babu nilipoona vumbi la msafara likielekea kusini.

"Lori limeondoka," nilisema.

"Nyamaza, sijamaliza."

Msafara mwingine ulipokuja, nafasi yangu ilikuwa imeshapewa mwingine. Sasa nina miaka kumi na saba, na Kiswahili hiki ninachoandika ndicho nilichotoka nacho darasa la nne. Bado hasira hunipanda nikikitazama kilima kile kilivyotulia. Najua Ayeyo hakuichukia shule. Vita vilimchukulia mwanawe, naye hakuwa na kingine cha kunishikilia ila jiwe. Najua hivyo, na bado sijamsamehe kabisa.

Siku ile tuliposhuka, baba alikuwa ameketi kando ya birika baridi la chai. Ayeyo alisimama mlangoni akihema, ameridhika.

"Unaona?" alimwambia. "Hata hajaondoka, na amesharudi."