Kitabu cha Njia Kumi na Mbili

Kerani hakuwahi kurusha tufe la boling hata siku moja. Lakini mwaka ule ukumbi wa boling ulipouzwa, yeye ndiye aliyepewa kitabu cha mashine akigeuze kutoka Kiingereza kwenda Kitaliano. Kurasa mia moja na arobaini, kinene kama tofali, kimejaa michoro ya mikanda na skrubu. Walionunua njia kumi na mbili za mbao za kubingirishia tufe, pamoja na mashine zake, walikuwa Waitalia. Walitaka zing'olewe, zipakiwe kwenye makontena, zikasimamishwe upya kwao, na maelezo yake wayapate kwa lugha yao.

Jina la Kerani lilimganda tangu miaka kumi na mmoja aliyokaa katika ofisi ya kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Kitaliano alikiokota hukohuko, kwenye simu za kugombania saruji. Kampuni ilipofungasha virago, lugha ikabaki naye kama ufunguo wa nyumba iliyokwisha bomolewa. Akawa anatafsiri barua, vyeti vya ndoa, karatasi za dawa. Boling ilimtoa jasho.

"Kaka, hapa wanasema njia ipakwe mafuta. Sakafu ya mbao, mafuta ya nini? Watu si watavunjika viuno?"

Kaka yake alicheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa fundi wa ukumbi ule miaka ishirini na sita. Mtaani walimwita Fundi Pini. Kazi yake ilikuwa nyuma ya ukuta, kule zinakoanguka pini, vile vigingi vinavyolengwa kwa tufe, kwenye joto la mota na kelele za kupasua masikio. Wachezaji walimjua kwa mkono tu. Pini ikikwama wanapiga kelele, "Fundi!", mkono unatokea, unaichomoa, unapotea. Wengi walicheza pale miaka nenda miaka rudi bila kuuona uso wake.

"Linaloteleza ni tufe, mdogo wangu. Miguu ya watu haifiki huko," alisema. Akachukua sinia la chai, akalilaza mezani. "Hii ndiyo njia. Mafuta yanaanzia hapa, yanaishia kama theluthi mbili. Huku mwisho pakavu. Tufe likifika pakavu linashika mbao, linakata kona. Ukipaka mpaka mwisho umewaibia watu mchezo wao."

"Mbona hawakuandika hivyo?"

"Wameandika. Ila wameandika kama watu wasiopenda kuongea."

Wakafanya kazi hivyo kila alasiri, sebuleni kwa Kerani, vijiko vikiwa pini na kamba ya viatu ikiwa mkanda wa mota. Na ukurasa ulipoisha walikuwa na desturi yao. Kerani anafunga kitabu cha Kiingereza, anashika karatasi yake ya Kitaliano peke yake, anaisoma taratibu akiigeuza kwa lugha yao ya nyumbani. Fundi anafumba macho na kufuata kwa mikono hewani, anafungua skrubu zisizokuwepo, anainua vyuma visivyokuwepo. Mikono ikienda mpaka mwisho, ukurasa umepona. Ikikwama, Kerani anaandika upya.

"Mdomo unaweza kukusifu bure," Fundi alikuwa akisema. "Mikono haina adabu hiyo."

Siku zile alikuwa na furaha, na furaha ile ilikuwa na sababu. Meneja wa ukumbi alikuwa amemdokeza kwamba wanunuzi huenda wakamwita aende kuzisimamisha mashine, miezi mitatu, na akiwapendeza abaki nazo. Mjini hapakuwa na ukumbi mwingine wa boling. Nje ya mashine zile, ujuzi wake wote ulikuwa hauna mahali pa kukaa. Hiyo "huenda" yeye aliisikia kama "ndiyo". Akanunua koti zito la mtumba, akalivaa kulijaribu mchana kweupe kwenye jua kali.

"Fundi Pini," jirani akamtania dirishani, "ukifika utuletee baridi kidogo kwenye mfuko!"

"Nitakuletea, ila utaisaini kwanza. Wewe si mtu wa kuaminiwa na mali."

Kerani alipofika nusu ya kitabu akapeleka kurasa kwa meneja. Meneja alizipitishia vidole kana kwamba anahesabu karata, akafurahi.

"Dada, umetuokoa. Unajua wenyewe wanasemaje? Kitabu kikiwatosha, hawana haja ya kumsafirisha mtu. Kisipowatosha ndipo wamwite kaka yako. Kwa kazi hii naona hawatamwita."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa pongezi. Kerani akashukuru, akarudi nyumbani kwa miguu. Njiani alitafuta namna ya kumwambia kaka yake. Alimkuta ameshika sindano, anakaza vifungo vya koti. Akashindwa.

Wiki ile walifika ukurasa wa tisini na moja. Ukurasa ule ulihusu kulaza mbao za njia: baada ya kila kiungo fundi aweke pima maji kuona kama ubao umelala sawa, na palipoinama apachike kipande chembamba chini yake kabla ya kukaza, la sivyo tufe litavuta upande mmoja. Kerani aliutafsiri peke yake asubuhi. Akaandika viungo, akaandika kukaza. Pima maji hakuiandika, wala kile kipande. Ni mistari miwili tu. Hakuna atakayeumia, alijiambia. Watalaza njia, tufe litapinda, watakuna vichwa, watapiga simu. Wamwite. Basi.

Alasiri akasoma. Angeweza kuongeza ile mistari kwa mdomo tu, na kaka yake asingejua, kwani Kitaliano hakijui. Lakini miezi yote hiyo hakuwahi kumsomea kisichokuwa kwenye karatasi, na ulimi ukakataa kuanza. Akasoma kama alivyoandika.

Mikono ya Fundi ililaza ubao wa kwanza, ikalaza wa pili, ikaunganisha. Kisha ikasimama hewani.

"Endelea," alisema, macho amefumba.

"Kaza skrubu kuanzia katikati."

"Kabla ya hapo."

"Hakuna kabla ya hapo."

Akafumbua macho. "Umeruka, mdogo wangu."

Kerani alitazama karatasi. Machozi yakamtangulia maneno, na maneno yenyewe yalipotoka yalitoka yote kwa mpigo: meneja, kitabu kikiwatosha, hawatamwita. Fundi alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo siku zote hizi," Fundi alisema, "nimekaa hapa nikijitafsiri mwenyewe nisihitajike."

"Kaka, ni mistari miwili. Watakuita."

"Watamwita nani kwanza? Kuna fundi kule. Nyuma ya ukuta, kama mimi. Njia ikivuta upande, hawatasema kitabu kibaya. Watasema yeye mjinga. Huyo naye ana watu nyumbani."

"Humjui hata!"

"Wanaocheza pale nao hawakunijua." Akausogeza ukurasa mbele yake. "Andika pima maji."

"Kaka..."

"Andika, nikusikie."

Akaandika. Akasoma tena tangu juu, na safari hii mikono ikaenda mpaka mwisho. Kurasa arobaini na tisa zilizobaki walizimaliza kwa namna ileile. Tofauti ilikuwa moja: Fundi hakutania tena. Alieleza alichoulizwa tu.

Makontena yaliondoka. Ukumbi ukageuzwa ghala la magodoro, na Fundi akachukuliwa kuwa mlinzi wa getini hapohapo. Koti akamuuzia jirani, ambaye siku ile hakuwa na utani wowote.

Mwezi wa tano ujumbe ulikuja kwenye simu ya Kerani, kwa Kitaliano. Kaka yake alikuwa amepita kunywa chai kabla ya zamu, amevaa kofia ya ulinzi.

"Wale?" akauliza.

"Wale."

"Soma kama ilivyo."

Akasoma. Njia zote kumi na mbili zimesimama. Tufe la kwanza lilikwenda sawa. Kitabu kimejitosheleza, hakuna haja ya kumtuma mtu.

"Fundi wao wamemtaja?"

"Hapana."

"Zote kumi na mbili?"

"Zote."

"Vizuri," alisema. Akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. "Na wewe, wamekusifu?"

Chini ya ujumbe kulikuwa na aya nzima ya sifa, na swali: je, anaweza kuwafanyia kitabu kingine?

"Kidogo," Kerani alisema.

"Mwongo wewe." Fundi aliweka kikombe chini. Akasimama, akampa dada yake mgongo pale dirishani, akawa anarekebisha kofia iliyokuwa tayari imekaa sawa. Dada yake hakumfuata. Aliuzima mwanga wa simu, akakaa, akimsubiri awe tayari kwenda kazini.