Aliyeingia Asitoke

Nilipokuwa mtoto tuliishi ndani ya kopo. Sitafuti mfano wa kupendeza; nyumba za kambi yetu ya polisi, pembeni mwa mji wa Kasese, zilikuwa za bati tupu, za duara, na kila mtu aliziita unipoti. Mchana zilichoma, usiku zilitoa jasho. Katikati ya yetu tulifunga pazia kwa kamba: huku kitanda cha wazazi, huku maisha mengine yote. Dirisha lilikuwa moja, dogo, likitazama nyuma kwenye ua wa seng'enge. Mlango nao ulikuwa mmoja.

Baba alikuwa konstebo kutoka Teso. Mama alikuwa Mkonzo wa Karambi, mwenyeji pekee katika safu yetu. Majirani walitoka kila pembe ya Uganda, na kila mmoja alikuja na godoro lake, sufuria zake na miiko yake. Kambini neno "kwetu" lilikuwa na nguvu kuliko amri ya afande. Amri ya afande unaweza kuiulizia kwa afande mwingine. Lakini mtu akikuambia, "Kwetu hatuli shingo ya kuku," utamuulizia kwa nani? Unampa paja.

Siku ninayoisimulia, baba alikuwa zamu mpakani, upande wa Bwera, na simu pekee ya nyumba yetu alikuwa nayo. Ilikuwa siku ya soko, kwa hiyo kambi ilikuwa karibu tupu. Watoto wote walikuwa shuleni isipokuwa mimi, niliyekuwa na matubwitubwi: mashavu yamevimba hadi shingo imepotea, nimefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini kama maiti aliyefufuka mapema. Mimba ya mama ilikuwa bado na mwezi mzima. Mpango ulikuwa aende kujifungulia kwa bibi, Karambi, na hata nguo za mtoto zilikuwa bado kwa fundi.

Alikuwa anachekecha unga wa muhogo wa kupikia bundu, ugali wa kwao. Chekeche likamwanguka, kisha yeye mwenyewe akapiga magoti kwenye unga, polepole, kana kwamba kuna kitu anakitafuta humo. Aliposimama, alivuka upande wa pili wa pazia na kujilaza kitandani bila kujikung'uta. Hapo nikajua mambo si mazuri. Mama hakuwa mtu wa kupanda kitanda na unga.

Nikasema niende nimwite Sista, mkunga mstaafu mwenye zahanati ndogo ng'ambo ya barabara, ukitoka getini tu. Mama akapenyeza mkono kando ya pazia akanishika kifundo. Hakukishika kama mgonjwa. Alikishika kama polisi.

Mama Opio, mke wa koplo, mwanamke mkubwa kutoka Lira mwenye sauti ya kuita mkutano, alisikia mama akiguna akaingia kuuliza kulikoni. Alipoona, akageuka mara moja kwenda kutafuta msaada. Ndipo mama akasema maneno ambayo niliyabeba kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Mama Opio, usitoke. Kwetu, mutu akishaingia kwa nyumba ya uchungu, hapana toka mpaka mutoto afike. Akitoka, anatoka na roho ya mutoto."

Mama Opio alisimama pale pale.

"Hata mimi? Mimi nilikuwa nauliza tu."

"Umeingia," mama akasema.

Ningependa kusema kwamba mtu mmoja mwenye akili alicheka. Hakuna aliyecheka. Mama Opio alipaza sauti akamwita Mama Zaina, jirani wa kushoto, mwanamke wa Arua. Mama Zaina hakujibu kwa mdomo, alijibu kwa miguu. Alipoanza kuonywa alikuwa tayari ameshavua viatu juu ya mkeka wetu. Wakawa wawili. Wa tatu alikuwa Nalongo, Muganda, ambaye kwa kuwa alizaa mapacha alihesabiwa kuwa mtaalamu. Yeye aliingia kuuliza kwa nini wale wawili walioingia hawatoki. Akaambiwa. Akakaa.

Na kwa kuwa mila ya mwenyeji ilikuwa imeheshimiwa, kila mmoja akaona ni haki yake naye kuleta ya kwao. Mama Zaina alisema kwao fundo likiwa limefungwa ndani ya nyumba, mtoto naye anafungwa. Wakafungua kila kilichofungwa: chandarua, mifuko ya unga, kitambaa changu cha mashavu, na mwishowe kamba za pazia, likaanguka, na kile lilichokuwa linanifichia kikawa mbele yangu. Nalongo akasema basi, msichana mdogo haruhusiwi kuona, nigeuzwe nitazame ukutani. Mama Opio, asiyetaka kupitwa, akasema kwao hakuna kusimama wala kukaa mlangoni, maana mlango wa nyumba ukizibwa na ule mwingine unazibika. Kwa hiyo hata kule kusimama kizingitini na kuita wapita njia kukaisha. Likabaki dirisha la nyuma, ambako Mama Opio aliita kwa nguvu zake zote, na aliyemsikia alikuwa mbuzi.

Nilisimama kando ya kitanda, pua imegusana na bati la moto, mkono wangu mmoja umenyooshwa nyuma, umo ndani ya mkono wa mama. Nikiegemea, naungua. Nikijivuta, mama anakaza. Nyuma yangu watu wazima watatu wanapumua hewa ileile. Nimewahi kukwama kwenye lifti tangu wakati ule, nimewahi kukaa kwenye mikutano ya kazi isiyo na mwisho, lakini kufungwa nilikokujua siku ile hakukuwa na kufuli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Upepo ulikuwa unaingia na kutoka unavyotaka.

Mdogo wangu wa kiume hakungoja mjadala uishe. Nilidhani kuzaa ni kazi ya usiku mzima, kama nilivyowasikia wakubwa wakisema, lakini jua lilikuwa halijahama hata kidogo kwenye sakafu niliposikia Nalongo akisema, "Huyu hapa," kwa mshangao wa mtu aliyeletewa chakula ambacho hajaagiza. Mtoto akalia vizuri. Wanawake wakacheka, Mama Opio akapiga kigelegele kilichogonga bati na kuturudia vichwani. Nikadhani imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kondo la nyuma halikutoka. Walingoja. Walimsugua tumbo, wakampa chupa tupu aipulize ili tumbo lisukume. Vicheko vikapungua, kisha vikawa minong'ono. Nikageuza shingo, ingawa nilikatazwa, nikaona damu ikidondoka kutoka ukingoni mwa godoro, ikiingia kwenye unga uliobaki sakafuni na kuufanya uji.

Mama Zaina akasema mtoto ameshafika, mwiko umekwisha, yeye anakwenda kumwita Sista. Mama Opio akasema kondo ni mwenzake mtoto, lisipotoka mtoto hajafika kamili. Walibishana hivyo kwa sauti ya chini, kwa adabu, kila mmoja akiogopa kuwa yeye ndiye atakayetajwa msibani: fulani ndiye aliyetoka. Mwishowe wakafanya lililo sawa kambini. Wakamuuliza mwenye mila.

Mama alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Bado," akasema.

Nalongo ndiye aliyeona upenyo. Aliniangalia kwa muda, mtoto wa matubwitubwi asiye na kitambaa, kisha akamwinamia mama.

"Nyabo, mimi si wa kwenu, nakuheshimu. Lakini huyu mtoto aliingia saa ngapi?"

Mama Opio na Mama Zaina wakatazamana.

"Hakuingia," Nalongo akasema. "Alikuwa humu. Mwiko unakamata aliyeingia."

Mama Opio akaipima hoja ile kama mke wa polisi. "Ni kweli," akasema. "Huyu hana kesi."

Wote wakamtazama mama. Alifumbua macho akanitazama mimi. Nilihisi vidole vyake kwenye mkono wangu, vimekaza bado, kisha havikukaza tena. Hakusema neno.

Nilikimbia peku. Askari wa getini alinifokea, "Wewe! Wapi?" Nikamwambia, "Afande, mama anatoka damu," naye akafungua bila swali la pili. Sista alinisikiliza nusu tu. Nusu nyingine niliisema nikiwa nyuma yake, maana alikuwa ameshavuka barabara na mkoba wake, mwanamke wa umri wake akikimbia kuliko mimi.

Aliingia. Mimi sikuingia. Hakuna aliyenikataza, nilijikataza mwenyewe. Nilikaa chini nje, mgongo kwenye bati, nikisikia sauti ya Sista ikitoa amri, na sauti ya mama sikuisikia. Hoja ya Nalongo, iliyokuwa tamu sana kule ndani, nje haikunitosha. Nilijua jambo moja: nimetoka. Kama mama atakufa, mimi ndiye niliyetoka. Nilitamani kurudi ndani nikafungwe tena na wenzangu.

Baadaye sana Sista akatoka, mikono yake mbele kama mtu aliyeshika beseni lisiloonekana, akaniagiza maji. Nikammiminia. Aliponawa hadi viwiko akasema mama yangu atapona, limetoka lote, na damu imekubali dawa. Nikamuuliza kama ilikuwa kwa sababu yangu.

"Sababu yako kivipi?"

Nikamweleza mwiko wote, vizuri, kama nilivyousikia: kwetu, aliyeingia asitoke. Sista alikuwa Mkonzo wa Rukoki, amezalisha wanawake wa kwetu tangu ujana wake. Alitazama mlango wa unipoti kwa muda, maji yakimdondoka. Nilidhani hakunielewa.

"Aa, ile," akasema. "Ile haikamati watoto."

Nikaishi na mwiko ule kwa fahari. Chuo kikuu, Kampala, wenzangu walipojigamba kwa mila zao, mimi nilitoa hiyo: Wakonzo na nyumba ya uchungu. Niliifafanua. Nilisema ni namna jamii inavyoifanya hatari ya mmoja kuwa hatari ya wote. Mhadhiri alitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaamini kweli nimesema kitu.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Karambi, mke wa binamu yangu akashikwa na uchungu nyumbani, gari halijafika. Wanawake wanaingia, wanatoka, mmoja na maji ya moto, mwingine anafuata simu yake. Nikasimama mlangoni, msomi anayeheshimu utamaduni wake, nikamwambia mama yangu mdogo kwa sauti ya chini kwamba ameshaingia, asitoke.

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Alinitazama, akawaita dada zake waje wasikie, nikarudia. Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa kitenge. Wakaniuliza ni watu gani hao wanaofanya hivyo, ni Waganda?

Nikapanda teksi kesho yake hadi Bwera, ambako mama siku hizi anauza vitenge. Nilimkuta dukani peke yake, nikamsimulia kicheko cha dada zake, nikangoja akane. Hakukana.

"Niliitunga," akasema. "Pale pale kitandani."

Nikamuuliza kwa nini, kwa sauti ambayo sijivunii. Aliendelea kukunja kitenge.

"Wewe unaitwa Biira. Kwetu Biira ni musichana wa pili. Wa kwanza ni Masika. Umesoma vitabu vyote hivyo, hujawahi kuuliza Masika wangu iko wapi?"

Sikuwahi. Niliambiwa nimeitwa kwa jina la ndugu yake, jambo ambalo pia ni kweli, na mtu akishapata ukweli mmoja hatafuti wa pili.

Masika alizaliwa katika kambi nyingine, kabla ya Kasese, naye alikuja ghafla. Ndani alikuwamo jirani mmoja tu. Yule jirani akasema ngoja niite mtu, akaenda, na mama alisisitiza kwamba hakufanya ubaya wowote. Alihangaika kweli, na mtu alimpata. Waliporudi walimkuta mama sakafuni na mtoto ambaye hakuwahi kulia. Alikuwa amekaa naye hivyo mchana kutwa, anamsemesha.

"Kasese ningewaambia naogopa, wangesema jikaze," mama akasema. "Muke wa polisi anaambiwa jikaze tangu asubuhi. Mila haiambiwi jikaze."

"Na ile damu? Uliiona."

"Niliona. Nilisema, basi, leo niko na watu."

Nimetumia nusu ya maisha yangu kuwacheka watu wanaojifunika mila, na bado nawacheka, wengi wao wanastahili. Sitaupaka rangi uongo wa mama: ulikaribia kumuua, na kama Nalongo asingekuwa mbishi nisingekuwa na mtu wa kwenda kumuuliza Bwera. Lakini najua pia kwamba wanawake watatu waliacha soko lao wakakaa ndani ya bati la moto kwa ajili ya hofu ambayo, ingeitwa kwa jina lake, isingewaweka hata dakika moja.

Kwa muda mrefu niliamini ni akili ya Nalongo iliyonitoa mle ndani. Siku hizi nafikiri tofauti. Sheria ile ilikuwa ya mama, aliitunga mwenyewe akiwa anaungua na uchungu, na wote pale walikuwa wanamngoja yeye. Kuongeza kifungu kimoja, kwamba hata aliyekuwamo asitoke, kungemchukua pumzi moja, na hakuna ambaye angempinga. Alinitazama, msichana pekee aliyebaki naye, na hakukiongeza.