Nesi Kemunto na Jipu la Mwenyekiti

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naona haya na kucheka kwa pamoja. Umeniuliza ile picha ya mama mwenye miwani, itakayotundikwa Jumapili hii kwenye ukuta wa zahanati yetu hapa karibu na Itumbe, ni ya nani. Ni ya Nesi Kemunto. Ndiye wa kwanza katika vilima hivi kutibu kwa hipnosisi, yaani kuituliza akili ya mgonjwa kwa maneno mpaka maumivu yapungue. Alifundishwa na daktari mmoja mgeni alipokuwa chuoni. Wenzake walimcheka, naye akashika njia yake. Na mimi nyanya yako nilibakisha kidogo tu nimfukuzishe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kaka yangu Nyakundi alijikata muundi akipogoa chai, tukampeleka zahanati, na dawa ya ganzi ilikuwa imeisha. Nesi Kemunto alimwambia akazie macho msumari mmoja ukutani, apumue polepole, kisha amweleze njia ya kutoka kwetu mpaka mtoni, hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa nachungulia mlangoni. Nyakundi, ambaye nyumbani alipiga mayowe kwa mwiba tu, alikuwa ametulia akizungumza kwa sauti ya chini huku sindano ya kushonea ikiingia na kutoka.

Sasa, wewe unajua kituo cha kupimia chai kilivyo. Watu wameteremsha vikapu, lori halijafika, na midomo haina kazi. Nilifika na habari motomoto, na ulimi wangu siku hizo haukuwa na breki. Nikasema Kemunto alimkodolea kaka macho, akataja majina ya marehemu wetu, akamlaza kama maiti. Hakuna aliyenituma kuongeza. Niliongeza kwa sababu wanawake wazima walinyamaza kunisikiliza, na hilo lilinipendeza mno. Mtu mmoja akanong'ona, "Omorogi." Mchawi. Neno hilo kwetu si la mchezo, limewahi kuwatoa watu roho.

Kesho yake kina mama walipita mlango wa zahanati na watoto wao wagonjwa mgongoni, wakaenda mbali hadi hospitali ya Keroka. Siku ya tatu Mzee Ombati, mwenyekiti wa kituo, aliitisha mkutano ili Kemunto aambiwe ahame kabla vijana hawajamtoa kwa nguvu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mkutanoni pale kituoni, nyanya yangu, mtu wa maneno machache, alisimama katikati ya vikapu.

"Wewe Moraa, kuja hapa. Tuambie ile kitu uliona. Si ile ulitengeneza."

Nilisimama, nikaeleza habari ya msumari, ya kupumua, na ya njia ya mtoni.

"Na majina ya marehemu?"

"Hakutaja, nyanya. Ni mimi niliweka."

"Na kaka yako alikuwa amelala?"

"Hapana. Alikuwa anaongea."

Watu waliguna. Nyakundi akapandisha suruali, akaonyesha mshono wake safi. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Kemunto, ambaye alikuwa ameitwa naye akaja na mkoba wake wa kazi, hakunitazama kwa ubaya. Alimgeukia Mzee Ombati, ambaye wiki nzima alikuwa hawezi kugeuza shingo kwa sababu ya jipu, na sote tulijua anaogopa kupasuliwa.

"Baba, nikubalie nikutoe hiyo hapa mbele ya watu. Ukisema niache, nitaacha."

Angekataaje, macho yote yakimtazama? Akaketi kwenye kreti. Kemunto akamwomba atazame ncha ya mkaratusi uliokuwa ng'ambo, apumue, kisha amsimulie habari za ng'ombe wake anayempenda kuliko wote. Basi mzee akafunguka. Akasifu pembe, akasifu kiwele, akasimulia anavyomwimbia kila asubuhi akimkamua.

"Na mimi hujawahi kuniimbia hata siku moja!" mkewe akapaza sauti.

Tulijiziba midomo kwa leso. Jipu likapasuliwa, usaha ukatoka, kidonda kikasafishwa na kufungwa, mzee bado anamsifu ng'ombe wake.

"Haya, unaanza saa ngapi?" akauliza.

"Nimemaliza, baba."

Ah, kicheko cha siku ile! Hata dereva wa lori alishuka kuuliza kuna nini. Mkutano ukaishia hapo, na Kemunto akabaki kwetu mpaka alipostaafu.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini wale hawakuwa kwa mkutano, utawaendea mmoja mmoja." Nilitembea majuma matatu, mlango kwa mlango, nikijiita mwongo. Wengi walinicheka wakanipa chai. Nyumba moja ya mlima wa pili haikuniamini kamwe, na watoto wa nyumba ile hawakutibiwa na Kemunto hata mara moja. Hilo bado linaniuma. Baba yako alizaliwa mikononi mwa Kemunto, akinituliza kwa maneno yale yale, nami nilicheka katikati ya uchungu, na furaha ile sijaisahau.

Basi nakuambia wazi, mwanangu. Ukiona jambo usilolielewa, muulize anayelifanya kabla hujamwambia jirani. Ukisimulia, koma pale macho yako yalipokomea, hata kama wasikilizaji wanataka zaidi. Na ukishakosea, usitubu chumbani peke yako. Toka uende kwa kila aliyekusikia, ukijua wengine hutawapata tena.

Mungu akupe ulimi wa kuponya watu, akujalie majirani wa kukuamini, na siku utakapoumwa, akuletee mtu mwenye subira kama yule mama.