Kisanduku cha Tatu

Wanafunzi walimwita Bi Dodoso, naye hakuona ubaya. Alikuwa amestaafu ualimu akiwa bado ana nguvu na mdomo, akapata kibarua cha kugawa madodoso shuleni. Ulikuwa utafiti mkubwa wa nchi tano, wa kulinganisha maadili ya vijana na kujua wapi wanaelekea kwenye uhalifu. Kazi nyepesi: unagawa, unasubiri, unakusanya, unafunga bahasha.

Kilichomtibua ni swali la kumi na saba. "Rafiki yako ameiba simu dukani. Utamripoti?" Visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Na mwongozo ulisema wazi kwamba anayejibu hapana ahesabiwe ana mwelekeo mbaya.

Kwenye darasa lake la mwanzo tu, msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Bibi, mimi ningemwambia shangazi yake. Nitie tiki wapi?"

"Kwa nini shangazi?"

"Mama yake atalia tu. Shangazi atamburuta mpaka dukani airudishe, na aombe radhi mbele za watu."

Darasa zima likaitikia. Huyu ana mjomba, yule ana kaka asiyetaka mchezo. Bi Dodoso akaona yatakayokuja: watoto wenye akili zao timamu watatia tiki hapana, halafu kitabu cha matokeo kitatoka kuitangazia dunia kuwa ni wezi watarajiwa. Akashika kalamu, akachora kisanduku cha tatu, "Nitawaambia watu wake," kwenye kila karatasi. Mia mbili na kumi kwa wiki moja, vingine vimepinda vibaya sana.

Msimamizi, kijana mpole wa shahada mbili na tai, alipofungua bahasha nusura azimie.

"Mama, umeharibu utafiti wa nchi tano! Natakiwa nikuripoti makao makuu. Watakuachisha kazi."

"Ripoti," akajibu. Kazi ile aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Siku mbili kimya. Ya tatu, dada yake mkubwa akaingia bila hodi, mkoba ungali begani.

"Wewe! Bosi wako kanipigia simu. Namba kaitoa kwenye fomu yako ya ajira. Analalamika kwamba hushikiki, eti nikae nawe nikuseme."

"Na makao makuu?"

"Makao makuu yapi? Kanipigia mimi!"

Bi Dodoso akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Asubuhi yake akaingia ofisini na dodoso tupu, akaliweka mbele ya msimamizi.

"La kumi na saba. Badala ya rafiki, niweke mimi."

Kijana akasoma. Akaangalia ndiyo, akaangalia hapana, akajikuna kichwa.

"Dada yako amekwambia," akasema.

"Kila neno."

Kijana akavuta kompyuta. "Nawaandikia makao makuu kwamba swali lina kasoro. Madarasa mangapi yamebaki?"

"Sita."

Akafungua droo, akamsukumia rula.

"Basi angalau vinyooke, Mama."