Pai ya Aiskrimu ya Cucu Ruguru

Nelius amewapikia watoto wa watu miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote mama mkwe wake hakuwahi kumaliza sahani moja ya chakula chake. Hilo ndilo jambo. Mengine utakayoambiwa pale Karurumo, kwamba ana sauti inayosikika hadi ng'ambo ya mto, kwamba sufuria ya githeri ya watoto mia nane anaiinamisha peke yake, ni ya kweli, lakini si ya maana. La maana ni hilo la sahani.

Lilianza mwezi alioolewa na Gichovi. Alikuwa ameshaandikwa kazi jikoni kwenye shule ya msingi iliyo juu ya soko, na mkono wake ulikuwa umeshazoea. Mama mkwe alipokuja kumtembelea bibi arusi, Nelius akapika githeri kama anavyoipika shuleni: mahindi, maharagwe, maji tele, kitunguu kimoja cha kupitia tu. Mama mkwe huyo, ambaye sasa wote humwita Cucu Ruguru, yaani nyanya, na ambaye siku hizo alikuwa na meno yake yote, akala vijiko viwili, akasukuma sahani taratibu, akasema, "Asante, mtoto wangu. Hiki ni chakula cha shule."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, kwa sababu Nelius angemjibu na yangeisha. Alisema kwa upole, mbele ya watu, na wote wakacheka kidogo, na Nelius akacheka pamoja nao huku akiiondoa sahani. Tangu siku hiyo amejaribu mukimo wa viazi vya kupondwa, wali wa nazi, chapati za kukunja, kuku wa kienyeji. Cucu anakula vijiko viwili, anashukuru, anasukuma sahani. Ungedhani amekula kiapo.

Sasa Cucu alikuwa anatimiza miaka tisini. Ukoo mzima uliitwa, hema likakodishwa, na kazi zikagawanywa kwenye kundi la familia la WhatsApp. Keki ilichukuliwa na Angeline, mke wa shemeji yake Nelius, ambaye anafanya kazi ofisini Meru na anaishi Kinoru. Angeline si mtu mbaya. Ni mtu wa kupanga tu, na akishapanga, amepanga. Akaandika, "Keki ni ya ghorofa tatu, nimeshaagiza. Mama Kawira atashika upande wa jikoni kama kawaida."

Kama kawaida. Nelius, maana ndiye Mama Kawira, aliyasoma maneno hayo mara nne, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

Unajua kilichomuuma si jikoni. Jikoni ni kwake. Kilichomuuma ni kwamba yeye, anayeishi boma moja na mama mkwe, alijua kitu ambacho wale wa mbali hawakijui: Cucu hawezi keki. Meno yamekwisha, yamebaki mawili ya kutisha watoto. Kila sherehe watu wanamlisha keki kavu yenye sukari ngumu juu, anaishika mdomoni, anatabasamu kwa ajili ya picha, kisha anaitoa kwa siri. Mzee wa miaka tisini ana sherehe yake na hakuna kitu hata kimoja mezani anachoweza kukila. Nelius akaamua kwamba safari hii kipo kitakachokuwepo, na atakitengeneza yeye, na Cucu atakimaliza.

Wazo lenyewe alilipata langoni kwa jirani yake Kagure. Kagure ana friza kubwa, anauza barafu za mifuko kwa wanafunzi. Alasiri moja ya jua kali, Nelius alimkuta Cucu ameketi pale kwenye kiti cha plastiki, anafyonza barafu ya embe, macho ameyafumba, na mfuko umebaki mtupu kabisa. Nelius akasimama pale na karai lake akamtazama. Jioni akampigia binti yake Kawira, aliyeko Embu mjini, na Kawira akamtumia video ya mtu anayetengeneza pai ya aiskrimu bila jiko wala ovena. Biskuti zinapondwa, zinachanganywa na siagi, zinashindiliwa kwenye sahani yenye kina. Aiskrimu inamwagwa juu. Friza inafanya kazi iliyobaki.

"Hiyo tu?" Nelius akasema. "Hiyo ni kazi ya nusu saa."

Loo, nusu saa. Pai ya kwanza aliitengeneza kwa mkono wa mpishi wa shule, mkono ambao ukiona kitu kinachanganywa unaongeza. Alichukua maziwa ya ng'ombe wake, akaona hayatoshi, akatia kikombe cha maji. Akaona bado, akatia kingine. Sukari akaipima kama ya uji wa watoto, yaani ya kunusa. Kesho yake Kagure alipoitoa kwenye friza, aliigonga kwa kisu, kisu kikateleza. Akaigonga kwa kijiti cha kusongea ugali.

"Mama Kawira," Kagure akasema, "hii tukiweka nne tunaanza msingi wa nyumba."

"Cheka tu," Nelius akasema.

"Sicheki. Nauliza kama unataka kumpa mama mkwe ama unataka kumrushia."

Nelius hakulala vizuri kwa sababu ya jiwe lile. Ilimchukua siku mbili kulikubali jambo ambalo lilimuuma: Cucu alikuwa amesema kweli. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akipika kwa kunyoosha, kuongeza maji ili kidogo kitoshe wengi. Shuleni ni lazima unyooshe, gunia ni hilo na midomo ni mia nane. Lakini nyumbani pia alikuwa akinyoosha, mchuzi, chai, hata mukimo, bila kujijua, kwa sababu mkono haukujua tena kufanya vingine. Ilimtia hasira, halafu ikamtia aibu, halafu, cha ajabu, ikampa nguvu. Maana kosa unalolijua unaweza kulishika masikio.

Basi akaacha kunyoosha. Wiki nzima alichemsha maziwa asubuhi, akayaacha yapoe, akaondoa utando mzito wa juu na kuuhifadhi kwa Kagure. Gichovi akilalamika kwamba chai imekuwa nyepesi siku hizi, anaambiwa anywe. Utando ulipofika bakuli kubwa, akaupiga kwa uma mbili alizozifunga pamoja, bakuli limekaa ndani ya maji ya barafu, mpaka bega likawaka moto na krimu ikasimama yenyewe. Akamimina maziwa ya kopo, yale mazito matamu, bila tone la maji. Maji yalikuwa pale pale kwenye jagi, yanamtazama. Akalihamisha jagi akaliweka nje.

Sehemu ya chini akaifanya kwa biskuti na njugu za makadamia za shamba lao, amezikaanga kidogo na kuzitwanga kwenye kinu mpaka zikawa unga laini, kwa kuwa anayepelekewa hana meno. Juu akapanga maembe yaliyoiva mpaka yanadondoka. Akatengeneza pai sita namna hiyo, moja kubwa ya Cucu na tano za wageni, kwa sababu mpishi wa shule anaweza kubadilika lakini hawezi kupikia mtu mmoja watu wengine wakitazama. Kagure alipoonja ukingo wa ile kubwa alilamba kisu pande zote mbili.

Ikabaki kuzifikisha. Kutoka kwa Kagure hadi kwenye hema ni hatua mia tatu, lakini mwezi ulikuwa Desemba na jua lilikuwa la Desemba. Nelius akaleta vikapu vyake viwili vya kuhifadhia chakula kikiwa moto, vile vya kushonewa vitambaa na godoro ndani ambavyo akina mama wa kikundi hutengeneza; unatia sufuria ya githeri asubuhi, unaikuta inafuka mchana. Akapanga pai ndani, akazizungushia mifuko ya barafu, akafunika.

Angeline akampata akifunga kamba. Alikuwa amevaa kitenge kizuri kweli, na keki yake ya ghorofa tatu ilikuwa imeshasimamishwa mezani.

"Mama Kawira, unaweka aiskrimu kwa kikapu cha kupikia? Si itachemka?"

"Kikapu hakina moto, dada. Kinashikilia tu kile umekipa. Ukikipa moto kinashika moto, ukikipa baridi kinashika baridi."

"Sawa," Angeline akasema, kwa ile sawa inayomaanisha si sawa. "Basi ikae huko nyuma. Kwa programu tuna keki tu."

Programu ilikuwa mkononi mwa Mutugi, mpwa wa Gichovi, ambaye ukimpa kipaza sauti inabidi umnyang'anye. Sherehe ya saa nne ikaanza saa sita. Maombi, wimbo, maombi tena kwa sababu mzee mmoja wa kanisa alikuwa amechelewa. Kisha utambulisho. Kila nyumba isimame, kila mtu ataje jina, ametoka wapi, ameoa wapi. Hotuba zilikuwa bado. Zawadi zilikuwa bado. Keki ilikuwa ya mwisho kabisa. Saa saba na nusu walikuwa wamefika nyumba ya pili kati ya saba, na Nelius akaenda nyuma ya hema akafungua kikapu akaingiza mkono. Mifuko ya barafu ilikuwa imekuwa maji. Akabonyeza pai kubwa kwa kidole. Bado imara, lakini kidole kiliacha alama.

Robo saa. Dakika ishirini akibahatika. Wiki ya utando, bega bovu, miaka thelathini na mmoja, vyote vitakuwa supu ya maembe kabla nyumba ya tatu haijamaliza kutaja wajukuu. Na hakuna mtu mwenye adabu anayekula kabla ya hotuba. Halijafanyika. Kule mbele Cucu alikuwa ameketi kwenye kiti chenye maua, amechoka, kidevu kinashuka.

Nelius akafunga aproni yake upya, akatembea katikati ya hema, mbele ya wazee, mbele ya mchungaji, hadi kwa Mutugi.

"Nipe hiyo kitu."

"Auntie, bado nyumba tano, tafadhali kaa..."

"Mutugi. Nipe."

Akampa. Nelius hakuwahi kushika kipaza sauti maishani, na sauti yake haikukihitaji. "Wazee wangu, mchungaji, mnisamehe," akasema. "Mimi ni mpishi wa shule. Hapa ndani naona watu wengi nimewapikia. Wewe Mutugi ulikuwa unakuja na sahani ya bluu, unarudi mara mbili ukidhani sikuoni. Kwa miaka thelathini na mmoja, niambieni ni siku gani chakula changu kilichelewa."

 Mtu mmoja kule nyuma akasema, "Hakuna."

"Hakuna. Na leo hakitachelewa. Nimetengenezea mama yetu kitu ambacho hakijui kungoja utambulisho. Tukimaliza kutajana majina kitakuwa maji. Kwa hivyo majina yatangoja, mama atakula." Kisha, kwa mazoea tu, bila kupanga, akasema neno la kuwapanga watoto mstari, alilolisema kila mchana wa kazi yake yote: "Laini."

Wakasimama. Wallahi, wakasimama. Mwalimu mkuu mmoja, dereva wa lori, karani wa kaunti, mama wa watoto wanne, watu wazima wenye vitambi, wakajipanga mstari mmoja ulionyooka, wafupi mbele, kama waliosikia kengele. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani, halafu naye akaingia kwenye mstari. Angeline alikaa kidogo akiangalia keki yake, akaangalia mstari, akaenda akasimama nyuma ya mchungaji.

Kagure akaleta vikapu mbele, lakini Nelius alianza na mmoja tu. Alikata kipande cha ile kubwa, kisu kikashuka taratibu kama kinavyoshuka kwenye siagi, akakiweka kwenye sahani, akapiga magoti mbele ya kiti chenye maua. Cucu Ruguru akachukua kijiko. Akala cha kwanza. Akala cha pili. Nelius akahesabu, maana amehesabu maisha yake yote, na cha pili ndicho cha mwisho kila siku. 

Cucu akala cha tatu. Akafumba macho. Akala cha nne, cha tano, akakusanya unga wa makadamia uliobaki kwa upande wa kijiko, akalamba kijiko mbele ya ukoo mzima bila haya. Kisha akainyoosha sahani.

"Niongeze," akasema.

Nelius akageuka. Kumbe nyuma yake mstari ulikuwa umeshafanya kazi yake. Kagure alikuwa amegawa kama anayegawa barafu wakati wa mapumziko, na sahani zote sita, ile ya Cucu ikiwemo, zilikuwa tupu. Kilibaki kipande kimoja tu chini ya hema lile, kwenye mkono wa Angeline, na Angeline alikuwa ameshaingiza kijiko.

Watu wote wakamtazama. Angeline akakitazama kipande, akakitazama kwa uchungu wa kweli, akameza mate. Kisha akatoa kijiko chake, akaja na kitenge chake kizuri, akapiga magoti palepale vumbini kando ya Nelius.

"Mama, chukua," akasema. Halafu kwa sauti ya chini, kwa Nelius, "Mwaka ujao keki ni wewe. Mimi nitashika jikoni."

Cucu hakuwasikia, alikuwa kazini. Alimaliza na hicho pia, chote, akaweka sahani tupu kwenye mapaja ya Nelius, akamshika shavu kwa mkono wake wenye baridi ya aiskrimu. "Mtoto wangu," akasema, "hiki umepika nyumbani."

Nelius mwenyewe hakuwa ameonja hata kidogo. Alibaki amepiga magoti palepale na sahani ile tupu mapajani, mbele ya nyumba zote saba, akalia kwa furaha, na kila Mutugi alipojaribu kurudisha programu, watu walimwambia angoje.